Mwimbaji wa roki akitoa albamu nje ya bendi, nani anamwambia "hapana"?

#1 Besi Nzito (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nimemaliza kusikiliza upya albamu zote saba ambazo mwimbaji Bruce Dickinson amezitoa nje ya bendi yake, Iron Maiden, kwa mpangilio na bila kuruka hata moja, kuanzia Tattooed Millionaire ya 1990 hadi The Mandrake Project ya 2024. Nimetoka huko na hoja moja na ninaileta hapa mnipasulie.

Watu husema mwimbaji akitoka kivyake ndipo tunamsikia yeye halisi. Mimi nimesikia kinyume. Mwimbaji akibaki peke yake anapungua. Albamu yake inasimama siku akipata mtu wa kubishana naye studio, na mara nyingi mtu huyo ni mpiga gitaa. Asipompata, tunauziwa sauti nzuri juu ya muziki wa watu wanaosubiri posho.

Tuanze na mbegu. Mwaka 1986 Maiden wanaingia kurekodi Somewhere in Time, wametoka kwenye ziara ndefu iliyowamaliza nguvu. Dickinson analeta nyimbo tulivu za gitaa kavu, wenzake wanazikataa. Someni majina ya watunzi kwenye albamu ile: lake halipo hata kwenye wimbo mmoja. Sauti ni yake mwanzo mwisho, maneno yote ya wengine. Bendi ile dira yake anaishika Steve Harris, mpiga besi, na kila mtu anajua.

Miaka mitatu baadaye anaombwa wimbo wa filamu ya tano ya A Nightmare on Elm Street. Anamwita rafiki yake Janick Gers kwenye gitaa, wanatoa "Bring Your Daughter... to the Slaughter". Kazi inakwenda haraka na kwa raha, lebo inapendezwa, na hapohapo inazaliwa albamu nzima: Tattooed Millionaire. Ni roki nyepesi ya kuchangamka, na ndani yake kuna "All the Young Dudes", wimbo ambao David Bowie aliwatungia Mott the Hoople.

Sasa sikilizeni kituko. Harris anausikia ule wimbo wa filamu, anasema huu ni wetu. Maiden wanaurekodi upya kwenye No Prayer for the Dying, unatoka mwishoni mwa Desemba 1990, na Januari 1991 unashika namba moja Uingereza. Mpaka leo ndio wimbo wao pekee kufika hapo. Yule yule wimbo, kwa sauti ya yule yule mtu, katika sura yake ya kwanza ulikuwa umeshapewa tuzo ya Golden Raspberry ya wimbo mbaya kuliko yote wa filamu! Na Gers mwenyewe akachukuliwa na bendi, akaziba nafasi ya Adrian Smith aliyeondoka.

Yaani jamaa alitoka nje kupunga upepo, bendi ikamfuata hadi huko ikabeba wimbo na mpiga gitaa. Tattooed Millionaire siichukii, ila hakuna pahali ninaposikia mtu amemwambia "hapana, rudia". Kuanzia 1994 habari inabadilika. Nitarudi.

#2 Kiti cha Nyuma

Naomba siti hapa, nimekuja na chai.

Albamu ya pembeni ni nyumba ndogo, mkuu. Ukienda mara moja kwa siri unachekewa. Ukianza kupeleka matumizi kila mwezi, kikao cha familia kinaitishwa. Dickinson aliondoka Maiden 1993, si ndiyo? Miaka mitatu tu baada ya "kupunga upepo".

#3 Mzee wa Santuri

Kijana wangu Besi, hoja yako nzuri lakini umeanza katikati ya hadithi. Huwezi kuzungumzia mwimbaji wa roki kutoka kivyake bila kuanza na Ozzy Osbourne. Alikuwa mwimbaji wa Black Sabbath, wakamfukuza 1979. Mwaka 1980 anatoka na Blizzard of Ozz, na pembeni yake yupo Randy Rhoads, kijana aliyekuwa akifundisha gitaa na aliyependa gitaa la kiklasiki kuliko kitu chochote. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Sabbath, alikuwa anaporomosha rifu, vile vipande vya gitaa vinavyojirudia, kama mawe ya jabali. Rhoads analeta ngazi za kiklasiki, vidole vinakimbia. Ozzy ni yule yule, sauti ile ile ya puani, na bado anasikika mtu mwingine kabisa.

Hapo sheria yako inakaa sawa. Lakini nikuulize: je, ile ni albamu ya Ozzy? Bob Daisley, mpiga besi, ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya mashairi. Lee Kerslake alikuwa kwenye dramu. Wao walidhani wanaunda bendi ambayo jina lake ni Blizzard of Ozz. Albamu ilipotoka, jina la Ozzy ndilo lililokuwa kubwa. Wakarekodi na ya pili, Diary of a Madman, kisha wakaondolewa, na kwenye jalada zikawekwa picha na majina ya Rudy Sarzo na Tommy Aldridge, ambao hawakupiga hata noti moja humo.

Mnaosema "albamu ya peke yake" muwe mnafungua jalada na kuuliza nani alipiga.

#4 Besi Nzito

Shikamoo mzee. Umenisaidia kuliko ulivyonipinga. Na ongeza lile la 2002: albamu hizo mbili zilipotolewa upya, besi ya Daisley na dramu za Kerslake zilifutwa, wakaletwa Robert Trujillo na Mike Bordin kupiga upya juu ya sauti ya zamani. Mashabiki walikasirika, na 2011 zikarudishwa za asili.

Mimi ninazo zote mbili. Trujillo na Bordin ni mafundi, hakuna ubishi. Lakini sikilizeni "Crazy Train" ya 1980 mkifuata besi tu, sahauni gitaa. Daisley hatembei chini ya Rhoads, anatembea kando yake, wakati mwingine anamjibu. Ile ya 2002 besi inafuata njia ambayo tayari imeshachorwa. Waliobishana chumba kimoja wanasikika, na aliyekuja miaka ishirini na ushee baadaye kuweka sehemu yake anasikika pia.

#5 Marahaba Marashi

Marahaba kwa mleta uzi, lakini mmemwacha mtu wangu. Freddie Mercury! Mtoto wa Mji Mkongwe, Unguja, alizaliwa Septemba 1946 akiitwa Farrokh Bulsara. Mr. Bad Guy ilitoka Aprili 1985, akiwa bado mwimbaji wa Queen, hakufukuzwa wala hakununa. Nyimbo zote kumi na moja alitunga mwenyewe. Mwimbaji anayejitungia, anayepiga kinanda mwenyewe na anayejua anachotaka, huyo mpiga gitaa wa kumkemea wa nini?

Na jalada lile mimi nalipenda sana. Albamu ameitoa wakfu kwa paka wake Jerry, pamoja na Tom, Oscar na Tiffany, na wapenda paka wote wa ulimwengu. Waliobaki wote amewatukana kidogo, siandiki hapa.

#6 Besi Nzito

Dada Marahaba, umenipa ushahidi wangu mwenyewe mkononi. Kwenye jalada hilo hilo, baada ya paka, Freddie anawashukuru wenzake wa Queen, Brian, Roger na John, *kwa kutoingilia*. Ni utani, najua. Ila ndiyo maoni yangu yote juu ya albamu ile: hawakuingilia, na inasikika kwamba hawakuingilia.

Alirekodi Munich, studio za Musicland, akishirikiana na Reinhold Mack, prodyuza ambaye Queen walikuwa wameshafanya naye kazi. Vinanda vya umeme, dansi, mapenzi, huzuni, kila kitu kipo. Sauti yenyewe iko kwenye kilele. Lakini chukua "I Was Born to Love You". Ya 1985 inateleza kama sakafu iliyopigwa nta. Halafu chukua ile ya Queen kwenye Made in Heaven ya 1995: Freddie amefariki miaka minne iliyopita, wenzake watatu wanachukua sauti ile ile wanaijengea nyumba mpya. Gitaa la Brian May linaingia kama mtu anayebisha hodi kwa kiatu. Wimbo umeota mbavu. Bendi ilikuja kuingilia mwishoni, na mimi nasema ilifanya vema.

#7 Marahaba Marashi

Una masikio ya roki tu ndiyo maana. Mimi ya 1985 ndiyo ninayoirudia, kwa sababu haina mtu anayebisha hodi. Kuna watu wanataka kucheza, si kubishana.

Na "Living on My Own" utaifanyaje? Ilipotoka 1985 haikufika mbali. Mwaka 1993 ikachanganywa upya kwa mtindo wa dansi, ikashika namba moja Uingereza. Hakuna gitaa la Brian humo. Hakuna Queen. Wimbo wa peke yake ulishinda peke yake.

#8 Kiti cha Nyuma

Dada, uliochanganywa upya na watu wengine ndio umeshinda *peke yake*? Hapo umejifunga goli.

#9 Marahaba Marashi

Kunywa chai yako.

#10 Mirabaha

Mnaongea masikio, mimi niongee mfuko kidogo halafu niondoke.

Sababu kubwa ya mwimbaji kutaka albamu yake mara nyingi ni utunzi. Fedha za utunzi zinakwenda kwa walioandikwa kuwa watunzi, si kwa kila aliyesimama jukwaani. Ukiwa sura ya bendi kwa miaka kumi lakini jina lako halipo kwenye utunzi, mpiga besi aliyekaa kando anaingiza zaidi yako kila wimbo ukipigwa redioni. Sasa rudi kwa ile ya 1986 aliyoitaja mleta uzi, jina la Dickinson halipo hata mara moja. Simsemei moyo wake, nasema hesabu ilivyo.

La pili, kuondoka si kuondoka. Mikataba mingi ya bendi ina kipengele cha mwanachama anayetoka: lebo inabaki na haki ya kumchukua yeye kama msanii wa kujitegemea ikitaka. Ndiyo maana mara nyingi mtu anaigomba bendi lakini albamu yake ya kwanza inatoka kwa wale wale.

Na lebo inalipia jina linalojulikana. Kile kisa cha Blizzard of Ozz kina pacha wake. Mleta uzi, malizia na Skunkworks, albamu ya tatu ya Dickinson.

#11 Besi Nzito

Nilikuwa naelekea huko, asante mkuu.

1993 Dickinson anaondoka Maiden bila kujua anataka muziki gani. Albamu iliyokuja kuitwa Balls to Picasso aliianza zaidi ya mara moja. Kwanza na bendi ya Kiingereza iitwayo Skin, akaacha. Kisha na prodyuza Keith Olsen, akielekea kwenye sauti za majaribio, nayo akaitupa. Halafu Los Angeles anakutana na Roy Z, mpiga gitaa wa Tribe of Gypsies, bendi yenye midundo ya Kilatini ndani ya roki. Hapo ndipo albamu ya 1994 ikapatikana. Cha kuchekesha, wimbo unaokumbukwa kuliko yote humo, "Tears of the Dragon", Dickinson aliutunga peke yake! Haya, mnaweza kunipiga nao. Ila sikilizeni unavyopigwa: unaanza kwa upole, unapanda, halafu katikati unavunjika ghafla na kuingia mdundo wa rege kabla ya kurudi kwenye uzito. Wimbo wa kuaga bendi ya mabati mazito (heavy metal), na katikati mtu anakuchezea rege. Maiden wasingeruhusu hilo hata kwa mtutu.

Skunkworks, 1996. Ameshakata nywele, ameshaunda kundi la vijana: Alex Dickson gitaa, Chris Dale besi, Alessandro Elena dramu. Prodyuza ni Jack Endino, yule aliyerekodi Bleach, albamu ya kwanza ya Nirvana. Anataka Skunkworks liwe jina la *bendi*, lebo inakataa, inataka jina Bruce Dickinson juu. Mambo ya Ozzy kwa kinyume: kule wapiga muziki walitaka iwe bendi, huku mwimbaji mwenyewe ndiye aliyetaka, na pande zote mbili jina kubwa likashinda.

Vijana hao hao ndio aliokwenda nao Sarajevo, Desemba 1994, mji ukiwa bado umezingirwa. Waliingia kwa lori kupitia mlima Igman, wakapiga shoo kwa watu ambao kutoka tu nyumbani kuja ukumbini ilikuwa kujiweka mbele ya bunduki. Hii haihusiani sana na hoja yangu, lakini sitaki kuipita. Ukimsikia mtu anaidharau Skunkworks, mwambie kundi lile liliundwa wapi.

Kama albamu, bado naiona imegawanyika. Kila mmoja anavutia kwake, na hakuna anayeshinda.

#12 Mzee wa Santuri

Umeandika vizuri hapo kwenye Sarajevo.

Nami niseme kitu kuhusu Robert Plant, mwimbaji wa Led Zeppelin, kwa sababu nadhani yeye anaiharibu sheria yako. Mpiga dramu wao John Bonham alifariki Septemba 1980 na bendi ikafungwa. Plant hakutoka kwa ugomvi, nyumba ilianguka akiwa ndani. Albamu yake ya kwanza kivyake, Pictures at Eleven, ikatoka 1982: Robbie Blunt kwenye gitaa, na dramu za nyimbo sita kati ya nane ni za Phil Collins. Alipoanza ziara zake, nyimbo za Zeppelin hakutaka kuziimba.

Ya Zeppelin ilikuwa sauti ya kupasua paa. Kivyake akaishusha, mwaka hadi mwaka, mpaka ikafika Raising Sand ya 2007 na Alison Krauss, mwimbaji na mpiga fidla wa muziki wa milimani Marekani. Mwanamume aliyekuwa akipiga mayowe juu ya gitaa la Jimmy Page wa Zeppelin sasa ananong'ona. Februari 2009 albamu ile ikachukua Grammy ya albamu ya mwaka. Na Desemba 2007, katikati ya hayo, alisimama na Zeppelin ukumbi wa O2 London usiku mmoja, dunia nzima ikasubiri ziara. Akarudi kwa Krauss.

Mshindani gani wa gitaa alimfanyia hivyo? Alichagua mwenyewe.

#13 Besi Nzito

Mzee, Krauss ndiye aliyemwambia hapana! Maisha yake yote Plant aliimba mbele ya bendi akipinda melodia anavyotaka. Kuimba sauti mbili na mtu mwingine huwezi kupinda, ukipinda mwenzako anaanguka. Kwa hiyo narekebisha: nilisema mpiga gitaa, nakubali nilikuwa finyu. Anaweza kuwa mtu yeyote anayemlazimisha kushika mstari.

#14 Sauti ya Pili

Mpya hapa, nimesoma tangu mwanzo. Mkuu, kwa hiyo marekebisho hayo Chris Cornell unamweka wapi? Bendi yake ya Seattle, Soundgarden, ilivunjika 1997, na 1999 akatoa Euphoria Morning, albamu ya huzuni na utulivu. Akapita bendi nyingine, Audioslave. Halafu 2009 akatoa Scream na Timbaland, prodyuza wa hip hop na R&B. Nyimbo zinaunganishwa moja hadi nyingine bila kupumua, midundo ya kompyuta, na juu yake sauti ile ya Seattle. Timbaland si mtu wa kuitikia tu "ndiyo bosi". Alikuwa na mkono wake na aliuweka. Mbishani wa nguvu alikuwepo, na albamu ikasagwa na wahakiki.

#15 Kiti cha Nyuma

Chai imepoa. Mleta uzi yuko wapi?

#16 Besi Nzito

Nipo. Nimeirudia Scream jana usiku kabla ya kujibu.

Umenishika, sauti ya pili, kwa sehemu. Nilitaka kusema wawili hao hawakubishana, kwamba kila mmoja alifanya lake. Ndivyo inavyosikika kwangu: mdundo uko chumba chake, sauti iko chumba chake, na ukuta katikati. Lakini hilo ni sikio langu, siwezi kuliapia. Kwa hiyo mtu mwenye nguvu hatoshi. Lazima awe anahitaji sauti ile na sauti imhitaji yeye.

Na hapo ndipo ninapofika kwenye albamu niliyotaka kuizungumzia tangu mwanzo.

1997, Accident of Birth. Roy Z amerudi, sasa kama prodyuza pia, na Adrian Smith, mpiga gitaa aliyeondoka Maiden 1990, anaingia. Hata mchoraji wa jalada ni Derek Riggs, baba wa Eddie, yule kiumbe wa kutisha wa majalada ya Maiden. Watu wakasema Dickinson amerudi kutengeneza Maiden bila Maiden. Wakati huo Maiden wenyewe walikuwa na mwimbaji mwingine, Blaze Bayley, na magitaa ya Dickinson yalikuwa yanauma kuliko yao.

1998, The Chemical Wedding. Hapa nawaomba mzime kila kitu. Mada zimetoka kwa William Blake, mshairi na mchoraji wa London, pamoja na elimu ya kale ya kugeuza madini kuwa dhahabu. Magitaa yameshushwa chini sana, mazito kama tope. Arthur Brown, mwimbaji mkongwe wa Kiingereza, anasikika akisoma katikati. Sikilizeni "The Tower": besi inaanza, gitaa linakaa kwenye mdundo, na Dickinson haanzi juu. Anasubiri. Kwenye Maiden melodia yake mara nyingi inakimbia bega kwa bega na gitaa, hakuna nafasi ya kusubiri. Kwa Roy Z magitaa yako chini mno kumfuata, kwa hiyo yeye ndiye anayebeba melodia yote, na anajua akikosea hakuna wa kumficha.

Ndiyo sababu Tattooed Millionaire inanipita tu na hii inanibana. Kwenye ile alikuwa huru. Kwenye hii kuna watu wawili wenye magitaa wanaomwachia mzigo makusudi.

#17 Mirabaha

Na 1999 yeye na Smith wakarudi Maiden pamoja, Gers akabaki, magitaa yakawa matatu. Brave New World, 2000. Nyumba ndogo ikahamia nyumba kubwa, Kiti cha Nyuma upo?

#18 Kiti cha Nyuma

Nipo, nimeishiwa mfano.

#19 Marahaba Marashi

Nimesikiliza "The Tower" sasa hivi. Mara mbili. Besi ya mwanzo nzuri, hilo nakubali. Halafu nikaweka "I Was Born to Love You" ya 1985, na nimecheza. Ile yako sikucheza.

#20 Besi Nzito

Ulisubiri hadi gitaa la pili linapoingia?

#21 Marahaba Marashi

Nilikuwa nacheza.